Sura ya Nne: Seva Ndani ya Kompyuta Yako

Wengi wanaojifunza kutengeneza tovuti huanza kwa njia moja. Wanaandika mistari michache ya HTML, wanahifadhi faili kwa jina la index.html, kisha wanalibofya mara mbili. Kivinjari kinafunguka na ukurasa unaonekana: kichwa kipo, picha ipo, rangi zimekaa mahali pake. Kwa siku za mwanzo hakuna kinachoharibika. Taabu huja pale mwanafunzi anapojaribu jambo kubwa kidogo, na ikija haijielezi.

Tuchukue mfano mmoja tutakaokwenda nao sura hii yote. Unatengeneza ukurasa wa duka la viungo: iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga. Bei hutaki kuziandika ndani ya HTML kwa sababu zinapanda na kushuka, kwa hiyo umeziweka kwenye faili lake, bei.json, na umeandika JavaScript ya kwenda kuzichukua kwa fetch na kuzipanga kwenye jedwali. Msimbo umeukagua, uko sawa. Unabofya index.html mara mbili. Kichwa "Duka la Viungo" kinatokea, na chini yake ni peupe. Jedwali halipo. Unabonyeza F12, unafungua konsoli, unakuta maandishi mekundu. Maneno yake hutofautiana kati ya kivinjari na kivinjari, ila mara nyingi utaona herufi CORS na neno null humo ndani.

Mwanafunzi akifika hapa huanza kuushuku msimbo wake. Anafuta, anaandika upya, anaacha fetch na kujaribu njia nyingine aliyoiokota mahali, anamwuliza mwenzake ambaye naye hajui. Jioni nzima inakwisha hivyo, na wapo wanaokata tamaa hapo hapo wakiamini kwamba JavaScript si ya watu kama wao. Jambo hili linaniuma, kwa sababu msimbo wao hauna kosa hata moja. Tatizo ni namna ukurasa ulivyofunguliwa.

Tazama juu ya kivinjari, pale penye anwani. Hapajaandikwa http. Pameandikwa file, zikafuata nukta mbili na mikwaju mitatu, halafu njia yote ya kufika kwenye folda yako. Maana yake kivinjari hakikumwomba yeyote kitu. Kimelisoma faili moja kwa moja kutoka kwenye diski. Kinachoonekana kinafanana na ukurasa wa wavuti, lakini kivinjari kinaujua ulikotoka, na kinauwekea masharti makali kuliko yale yanayowekewa kurasa zilizoletwa na seva.

Masharti hayo yana sababu nzuri. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Netscape ilitia JavaScript ndani ya kivinjari chake cha Navigator, na kurasa ambazo hadi hapo zilikuwa za kusomwa tu zikapata uwezo wa kutenda. Papo hapo likazuka swali la usalama: ukurasa wa tovuti moja ukiweza kuendesha programu ndani ya kivinjari, nini kitauzuia kusoma yaliyomo kwenye ukurasa wa tovuti nyingine, tuseme wa benki yako, uliofunguliwa pembeni? Jibu lilikuwa kanuni ya asili moja. Kila ukurasa una asili yake, na asili hiyo hutambuliwa kwa mambo matatu: itifaki, jina la kompyuta, na namba ya poti. Yakilingana yote matatu, kurasa mbili zinaweza kusomana. Likipishana hata moja, kila mmoja abaki kwake. Mwaka 2011 kanuni hiyo iliandikwa rasmi kwenye waraka wa viwango vya intaneti wenye namba RFC 6454.

Sasa, faili lililosomwa kutoka kwenye diski lina asili gani? Halina jina la kompyuta, wala halina poti. Vivinjari vya leo vinalichukulia kila faili la namna hiyo kuwa na asili yake pekee isiyolingana na nyingine yoyote, na asili hiyo ndiyo inayoandikwa null. Kwa hiyo index.html na bei.json, ijapokuwa zimelala kwenye folda moja, kivinjari kinaziona kuwa hazijuani.

Kuna wakati Firefox ilikuwa na moyo mlaini zaidi, ikiyahesabu mafaili ya folda moja kuwa ya asili moja. Ulegevu huo ulikomeshwa katika toleo la 68, Julai 2019. Ilikuwa imeonyeshwa kwamba mtu anaweza kukutumia faili la HTML lenye hila kupitia programu ya kutumiana ujumbe kwenye simu ya Android. Ukilifungua kwenye Firefox, faili hilo lingeweza kusoma viambatisho ulivyotumiwa na watu wengine, kwa kuwa vilihifadhiwa pamoja na majina yake yalikuwa rahisi kubahatisha. Fikiria picha za vitambulisho na risiti ambazo watu hutumiana kwenye simu kila siku. Nikikumbuka hilo, siwezi kukilaumu kivinjari kinapokataa kusoma bei.json yangu.

Njia ya kuondoka kwenye taabu hii ni kuacha kubofya faili na kuuleta ukurasa kupitia seva. Neno seva huwatisha watu. Wakilisikia wanawaza chumba chenye baridi kali, makabati ya mashine na mafundi wenye funguo. Mashine hizo zipo, lakini seva yenyewe ni programu tu. Inakaa ikisikiliza, inapokea ombi, inatafuta faili lililoombwa na kulirudisha pamoja na maelezo mafupi ya hilo faili ni la aina gani. Kazi hiyo kompyuta yoyote inaiweza, ikiwemo hiyo iliyo mbele yako.

Na ndivyo wavuti wenyewe ulivyoanza. Mwishoni mwa 1990, katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, Tim Berners-Lee alikuwa na kompyuta ya mezani ya NeXT. Ndani yake aliandika kivinjari cha kwanza, na ndani yake hiyo hiyo akaendesha seva ya kwanza ya wavuti duniani. Kompyuta hiyo ilibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu kuwaonya watu kwamba ni seva na wasiizime. Angeizima mpita njia mmoja, wavuti wote wa dunia ungezimika. Kwa hiyo anayeendesha seva na kivinjari kwenye mashine moja anafanya kazi vilevile mwanzilishi alivyoifanya.

Seva nitakayokuonyesha kwanza ni ile inayokuja ndani ya Python. Naichagua kwa makusudi. Kwenye Ubuntu na aina nyingi za Linux Python imo tayari. Kwenye Windows unaipakua mara moja kutoka kwenye tovuti yake, python.org, na ikishaingia huhitaji kitu kingine. Fungua terminali, ingia kwenye folda ya duka lako, kisha andika:

cd duka-la-viungo
python3 -m http.server 8000

Kwenye Windows, mahali pa python3 andika py. Ukikutana na maelekezo ya zamani yanayotaja SimpleHTTPServer, fahamu kwamba hiyo ni Python 2, ambayo watunzaji wake waliacha kuihudumia tangu Januari 1, 2020. Yapite.

Terminali itaandika mstari mmoja kukujulisha kwamba inatoa huduma kwenye poti 8000, halafu itanyamaza. Usidhani imekwama. Inasikiliza. Fungua kivinjari na kwenye anwani andika http://localhost:8000. Kichwa kitatokea, na chini yake jedwali la bei litajaa, iliki kwenye mstari wake na karafuu kwenye wake. Msimbo ni ule ule, hukugusa hata herufi moja. Sasa index.html na bei.json zote zina asili moja: itifaki http, jina localhost, poti 8000.

Usikimbilie kufurahia ukurasa. Rudi kwenye terminali utazame kilichoandikwa humo, kwa sababu mistari hiyo inafundisha kuliko vitabu vingi:

127.0.0.1 - - [14/Mar/2025 20:41:07] "GET / HTTP/1.1" 200 -
127.0.0.1 - - [14/Mar/2025 20:41:07] "GET /mtindo.css HTTP/1.1" 200 -
127.0.0.1 - - [14/Mar/2025 20:41:07] "GET /duka.js HTTP/1.1" 200 -
127.0.0.1 - - [14/Mar/2025 20:41:07] "GET /picha/iliki.jpg HTTP/1.1" 404 -
127.0.0.1 - - [14/Mar/2025 20:41:08] "GET /bei.json HTTP/1.1" 200 -

Kila mstari hapo juu ni ombi moja. Mwanzoni ni anwani ya aliyeomba, ambaye hapa ni kompyuta yako mwenyewe. Kisha siku na saa. Ndani ya alama za kunukuu ni ombi lenyewe: GET maana yake "nipe", na kinachofuata ni kitu kinachotakiwa. Mwishoni ni jibu. Namba 200 ni kusema kipo, nimekupa. Namba 404 ni kusema nimetafuta, sikukiona. Hapo juu seva imekwambia waziwazi kwamba picha ya iliki haipo mahali ulipoitaja. Huna haja ya kukodolea macho ukurasa ukijiuliza kwa nini kuna kisanduku kitupu.

Mstari wa kwanza nao una somo. Kivinjari kiliomba mkwaju peke yake, hakikutaja index.html. Seva ndiyo iliyoamua kwamba anayeomba folda apewe index.html ya folda hiyo. Ndiyo maana jina hilo linatajwa kwenye kila somo la HTML. Futa faili hilo au libadilishe jina, na seva ya Python itakupa orodha ya vyote vilivyomo kwenye folda. Ukiona orodha ya mafaili mahali ulipotarajia ukurasa, ama index.html haipo, ama amri umeiandika ukiwa kwenye folda nyingine. Hilo la pili ndilo linalotokea mara nyingi zaidi.

Kuna mstari mwingine ambao huenda ukakutia wasiwasi: ombi la favicon.ico lililojibiwa 404. Hukuliandika popote. Kivinjari chenyewe hulitafuta faili hilo ili kipate picha ndogo ya kuweka kwenye kichupo. Halina madhara.

Hiyo 127.0.0.1 inastahili maelezo. Ni anwani ambayo kila kompyuta huitumia kujiita yenyewe, na localhost ndilo jina lake. Kwa kweli anwani zote zinazoanza na 127 zimetengwa kwa kazi hiyo, zaidi ya milioni 16 kwa jumla. Ombi linalokwenda huko halitoki nje ya mashine. Halipiti kwenye ruta, halifiki kwa kampuni ya simu, na halili bando hata kidogo. Kwa msomaji anayenunua bando la siku, hili ni jambo zito. Unaweza kuzima data kabisa, ukakaa na seva yako usiku kucha, ukajenga tovuti yenye kurasa nyingi, na salio lako likabaki lilivyo. Umeme ukikatika, kompyuta mpakato yenye chaji inaendelea.

Sharti ni moja tu, kwamba vitu vyote ukurasa unavyohitaji viwe ndani ya folda. Mafunzo mengi hukuambia uvute Bootstrap au fonti kutoka kwenye tovuti nyingine kwa mstari mmoja wa HTML. Mstari huo hutaka intaneti kila ukurasa unapofunguliwa upya na akiba ya kivinjari ikiwa tupu. Ushauri wangu ni kuyapakua mafaili hayo mara moja, kuyaweka kwenye folda ya mradi, na kuyaita kutoka humo.

Poti nayo ni namba tu, kuanzia 0 hadi 65535, inayoiwezesha kompyuta moja kuendesha huduma nyingi bila kuchanganya maombi. Tovuti za kawaida za http hutumia 80 na za https hutumia 443, ndiyo maana hatuziandiki. Kwenye mifumo ya jadi ya Unix, poti zilizo chini ya 1024 ni za msimamizi wa kompyuta peke yake, na kwa sababu hiyo watengenezaji walizoea kupanda juu: 8000, 8080, 3000. Ukiona ujumbe kwamba anwani tayari inatumika, basi kuna seva nyingine imeshika poti hiyo, na aghalabu ni yako mwenyewe uliyoiacha kwenye dirisha jingine la terminali. Itafute uisimamishe kwa Ctrl+C, au uanzishe mpya kwa namba 8001.

Ila kumbuka kanuni ya asili. Kwa kivinjari, localhost:8000 na localhost:8001 ni tovuti mbili tofauti. Hata localhost:8000 na 127.0.0.1:8000 ni mbili, ingawa zote zinafika kwenye seva moja, kwa sababu majina yake hayafanani. Ikiwa duka lako linahifadhi kikapu cha mteja kwa localStorage, ukibadili poti au ukiandika namba badala ya jina utakuta kikapu kitupu. Hakijapotea. Kiko kwenye asili nyingine. Chagua anwani moja ya mradi na udumu nayo.

Seva hufichua pia makosa ya njia za mafaili. Ukiandika kwenye HTML kwamba picha iko /picha/karafuu.jpg, mkwaju huo wa mwanzo unamaanisha mzizi. Ukifungua ukurasa kwa kubofya, mzizi ni wa diski nzima, na huko hakuna folda ya picha. Ukifungua kwa seva, mzizi ni folda ulimoanzishia amri, na picha inapatikana. Ndivyo itakavyokuwa hata utakapoipandisha tovuti kwenye jina lake lenyewe.

Kosa moja ambalo seva ya nyumbani haitalifichua, kama unatumia Windows, ni la herufi kubwa na ndogo. Kamera nyingi hutoa mafaili yenye kiishio cha JPG kwa herufi kubwa. Wewe umeandika karafuu.jpg, faili linaitwa Karafuu.JPG, na Windows inakuletea bila kuuliza. Mac kwa kawaida nayo ni hivyo hivyo. Seva nyingi za kupangisha tovuti zinaendeshwa na Linux, ambayo huyaona majina hayo kuwa mawili tofauti. Tovuti iliyokuwa kamili nyumbani inafika mtandaoni ikiwa haina picha, mbele ya mteja. Andika majina yote ya mafaili kwa herufi ndogo, bila nafasi kati ya maneno, tangu siku ya kwanza. Sijui tabia ndogo inayookoa zaidi ya hiyo.

Umebadilisha rangi kwenye mtindo.css, umehifadhi, umepakia ukurasa upya, na rangi ni ile ya zamani. Hapa kivinjari kinatumia nakala kiliyoiweka akiba. Ctrl+Shift+R hukilazimisha kuomba kila kitu upya. Afadhali zaidi, fungua zana za F12, nenda kwenye sehemu ya Network, na uweke alama kwenye Disable cache. Zana hizo zikiwa wazi, akiba haitumiki. Ukiona namba 304 kwenye terminali, maana yake ni kwamba kivinjari kiliuliza kama faili limebadilika tangu lilipochukuliwa, na seva ikajibu hapana.

Na kwenye Windows kuna kisa kimoja kinachowatesa watu. JavaScript iliyoandikwa kama moduli inakataliwa kwa madai kwamba faili si la JavaScript. Python kwenye Windows huuliza rejista ya mfumo faili la .js ni la aina gani, na programu nyingine iliyowahi kusakinishwa huenda iliandika humo kwamba ni maandishi ya kawaida. Kivinjari kinakubali moduli ikitajwa kwa aina yake sahihi tu. Dawa ni kurekebisha rejista, au kutumia seva nyingine.

Nyingine zipo nyingi, na tofauti zake si kubwa kama mashabiki wake wanavyodai. Mwenye PHP anayo seva ya ndani tangu toleo la 5.4 la mwaka 2012: php -S localhost:8000. Mwenye Node anaweza kuandika npx http-server, ambayo mara ya kwanza huhitaji intaneti ili ijipakue, kisha hufunguka kwenye 8080. Ndani ya VS Code kuna kiendelezi cha Live Server kinachotumia poti 5500 na kuupakia ukurasa upya kila unapohifadhi faili. Ni raha kukitumia unapopanga rangi na nafasi. Halafu kuna Vite, iliyoanzishwa na Evan You, yule yule aliyeanzisha Vue, ambayo hufungukia 5173. Vite hufanya zaidi ya kuleta mafaili: huyatafsiri kabla ya kuyapeleka, na huingiza mabadiliko kwenye ukurasa bila kuupakia wote upya. Utaihitaji ukifika kwenye React au Vue. Kabla ya hapo, mimi humwelekeza mwanafunzi kwenye Python, kwa sababu inaleta faili kama lilivyo, na maombi yote yanapita mbele ya macho yake.

Sasa tufike kwenye simu. Wateja wa duka lako la viungo wengi watalifungulia kiganjani, na kupunguza upana wa dirisha la kivinjari kwenye kompyuta hakukuonyeshi kila kitu. Kidole ni kinene kuliko mshale. Kibodi ya simu ikipanda inafunika nusu ya skrini. Washa hotspoti ya simu, unganisha kompyuta nayo, kisha uitafute anwani ya kompyuta kwenye mtandao huo: kwenye Windows kwa amri ya ipconfig, kwenye Linux kwa hostname -I. Utapata mathalani 192.168.43.120. Kwenye kivinjari cha simu andika http://192.168.43.120:8000, na duka lako litafunguka. Anwani zinazoanza na 192.168 zilitengwa kwa mitandao ya ndani, kwa hiyo mawasiliano haya yanabaki kati ya simu na kompyuta yako. Hata hapa bando haliguswi na ukurasa wako, ingawa ni vyema kuzima data ya simu ili kompyuta isianze kujipakulia masasisho. Windows ikiuliza kama Python iruhusiwe kupita kwenye kinga ya mtandao, iruhusu kwa mitandao binafsi tu.

Baadhi ya mambo yatafanya kazi kwenye kompyuta na kugoma kwenye simu, na ukiyajua mapema hutahangaika. Vivinjari huruhusu ukurasa kutumia kamera au kujua mahali mtu alipo pale tu unapoletwa kwa njia salama, yaani https. Localhost imesamehewa sharti hilo, kwa kuwa ombi lake halitoki nje ya mashine. Anwani ya 192.168 haikusamehewa. Kwa hiyo kitufe cha "Nionyeshe duka lililo karibu" kitaitika kwenye kompyuta na kunyamaza kwenye simu. Ukiwa na waya wa USB na zana za Android, amri ya adb reverse tcp:8000 tcp:8000 huifanya localhost:8000 ya simu ielekee kwenye kompyuta yako, na kitufe kitaitika.

Asiye na kompyuta pia hajaachwa. Kwenye Android kuna programu iitwayo Termux, inayokupa terminali ya Linux ndani ya simu. Andika pkg install python, ingia kwenye folda ya kazi, andika amri ile ile ya http.server, kisha fungua localhost:8000 kwenye Chrome ya simu hiyo hiyo. Kuandika msimbo kwa vidole viwili kunachosha, lakini kinachofunguka ni tovuti ya kweli inayoletwa na seva ya kweli.

Kama simu yako iliweza kuifungua seva, basi yeyote aliye kwenye mtandao huo anaweza pia. Python isipoambiwa vinginevyo husikiliza milango yote ya mtandao. Kwenye Wi-Fi ya hosteli, ya mgahawa au ya ofisi, jirani akijaribu anwani yako na poti 8000 atafika. Na kama uliianzisha amri ukiwa kwenye folda kuu ya mtumiaji, ataona orodha ya mafaili yako yote, pamoja na yale yaliyofichwa kwa nukta mwanzoni mwa jina, ambamo watengenezaji huweka nywila na funguo. Unapofanya kazi peke yako andika hivi:

python3 -m http.server 8000 --bind 127.0.0.1

Hapo seva itaisikiliza kompyuta yako tu. Ondoa sehemu ya mwisho unapotaka kujaribu kwenye simu, na usimamishe seva ukimaliza. Waandishi wa Python wenyewe wameonya kwenye maelezo yao kwamba seva hii isitumike kuhudumia umma, kwa kuwa ukaguzi wake wa usalama ni wa msingi tu. Ni chombo cha karakana. Kazi ikikamilika, folda ile ile hupandishwa kwenye huduma ya kupangisha tovuti, na kama ulizingatia njia za mafaili na herufi ndogo, haitahitaji kuguswa.

Walimu wa vyuo na wa vikundi vya mitaani, nawaomba jambo moja. Siku ya kwanza ya HTML, kabla mwanafunzi hajajifunza lebo ya aya, mwonyesheni amri hii na mwacheni aone mstari wa 200 ukitokea kwenye terminali. Nawe msomaji, kabla hujafungua sura ya tano, ingia kwenye folda ya duka la viungo, washa seva, haribu jina la picha moja kwa makusudi, na utafute 404 yake kwa macho yako. Sura ijayo inaanza na seva hiyo ikiwa imewashwa.